Bustani ya uwani: upande ardhini au kwenye magunia na madumu?

Kila ukifika mwezi wa tatu naulizwa suali hili hili, na mara nyingi anaeniuliza keshaangalia video kumi za Waingereza wanaoanza bustani zao wakati huo huo wa Machi, kajaa hamu, kanunua pakti ya mbegu za tungule (nyanya), sasa anataka kujua azimwage wapi. Mie huwa namwambia kwanza atulie. Kule Machi baridi ndo inaondoka, jua linarudi, ardhi inapata joto, wanapanda. Huku kwetu Zanzibar Machi ni kaskazi imekwisha, joto limeshatuchosha, na kinachokuja si jua, ni masika, na Aprili ndo mwezi wenye mvua nyingi kuliko miezi yote ya mwaka. Ukimfata Muingereza na kalenda yake utaitoa miche yako ya tungule nje siku ile ile mvua inapoanza kutwanga, na baada ya wiki tatu utaniletea picha ya majani yenye madoa meusi uniulize kulikoni.

Kwahiyo mbegu ziache kwanza kwenye pakti yake. Suali la mwanzo ni unapanda kwenye nini, ardhini kwenye matuta au kwenye magunia, madumu na ndoo za rangi. Kwa bahati kwetu tumegawana. Mie niko Fuoni, uwa wangu nusu umepigwa saruji na nusu iliyobaki inageuka dimbwi kila masika, basi kwangu ni magunia. Dada yangu yuko Wete, ana kipande nyuma ya nyumba kinachoteremka kidogo kuelekea bondeni, udongo unaoshika maji, yeye ni jembe na matuta. Halafu tuna mama mdogo Makunduchi, yeye ana mawe. Sitanii, uwa mzima ni maweni na udongo uko kwenye vishimo baina ya jiwe na jiwe. Tunapigiana simu karibu kila wiki tukibishana, dada ananambia "weye huna bustani, una vyungu", na mie namwambia aje aone vyungu vinavyotoa mboga ya watu sita.

Masika: maji yakizidi yanakwenda wapi

Tofauti kubwa baina ya ardhi na gunia si gharama wala nafasi, ni maji. Ukishajua maji ya uwani kwako yanakwenda wapi yakizidi, na nani atayaleta yakikosekana, nusu ya uamuzi umeshaufanya hata kama hujashika jembe.

Tuanze na ardhi. Ardhi tambarare wakati wa masika ni mtego. Mwaka wa kwanza dada alilima vizuri, akasawazisha, akamwaga mbegu za mchicha juu juu kama tunavyofanya wengi, usiku wake ikanyesha mvua moja tu ya maana na asubuhi hakuna kitu, kweupe. Wiki mbili baadae mchicha umeota vizuri kabisa, umejipanga kama skuli asubuhi, lakini umeota kwa jirani wa chini, kwenye ukingo wake wa makuti. Jirani kaula mchicha ule na hata hakusema asante (na angesema asante kwa nani, si kaletewa na Mungu).

Mwaka wa pili akanyanyua matuta, na hapo ndo mambo yakabadilika. Tuta la bustani ya uwani liwe na upana wa mita moja hivi ili mkono wako ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga, urefu wa kwenda juu sentimita 20 mpaka 30, na lilale kukata mteremko, si kufata mteremko, ukilielekeza lifate mteremko umejichimbia mto. Baina ya tuta na tuta acha njia ambayo ndo mfereji wako. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, changanya na mchanga mkavu kidogo kabla ya kumwaga ili zisirundikane, mwaga kwenye vimistari, funika kwa udongo kiduchu, halafu weka majani makavu juu mpaka zianze kuchomoza. Yale majani ndo yanayoivunja nguvu ile mvua isichimbue mbegu.

Gunia lenyewe halina habari ya mteremko. Maji yakizidi yanatoka chini na ubavuni, yanakwenda zake kwenye saruji, mche uko juu salama unakuangalia. Masika mbili nilizopitisha na magunia sijapoteza mche hata mmoja kwa kuoza mizizi, wakati lile eneo la udongo hapo hapo uwani lilikua limejaa maji mpaka vyura wanaimba. Lakini maji yale yanayotoka chini hayatoki matupu, yanatoka na mbolea. Mvua ya siku tatu mfululizo inaosha gunia mpaka udongo unabaki kama makapi ya chai iliyochemshwa mara tano, na majani yanaanza kua manjano kutokea chini. Ardhini hilo lipo pia ila linakwenda taratibu, mizizi ina pa kwenda kutafuta. Gunia halina. Kwahiyo mwenye magunia lazma awe na tabia ya kuongeza samadi au mboji juu kila baada ya wiki mbili tatu, kidogo kidogo.

Nasisitiza kidogo kidogo kwasababu niliwahi kujifanya fundi. Pilipili zangu zilikua zimepauka, nikachukua urea, nikaweka kiganja kizima kwa kila ndoo nikamwagia maji nikaenda zangu. Siku ya tatu majani yameungua pembezoni kama yamepitishwa motoni, ya tano nimeng'oa zote. Ardhini ungesamehewa kidogo maana chumvi ile inapata pa kutawanyika, kwenye ndoo ya lita 20 inabaki pale pale kwenye mizizi. Tangu siku hiyo mie ni mtu wa samadi, tena iliyoiva, ikiwa bado ina harufu na ukiingiza mkono ndani unahisi joto basi haijaiva, iache.

Na ndoo izibwe mdomo si tundu. Yani mtu anatoboa tundu moja katikati ya kitako anasema imetosha, halafu anaiweka ndoo juu ya saruji iliyo sawa sawa, ile tundu inazibwa na sakafu, ndoo inakua birika. Toboa pembeni chini kabisa, tundu sita saba za ukubwa wa kidole, na iinue juu ya vipande vya tofali.

Mvua ikikata

Sasa pindua. Juni mvua imekwisha, upepo wa kusi unapiga, kipupwe, hali ya hewa tamu kabisa kwa mboga ila maji ya juu hakuna zaidi ya vijimvua vya mchoo vya hapa na pale. Hapo ardhi inaanza kumcheka mwenye magunia.

Fanya hesabu. Gunia la kilo 50 lililojaa miche kwenye jua la kutwa linataka kama lita tatu kwa siku. Ukiwa na magunia kumi ni lita 30, dumu moja na nusu, kila siku, na siku ukienda harusini Nungwi ukalala huko ukirudi unakuta majani yamelala. Tuta la mita moja kwa nne nalo linakunywa, si kwamba halinywi, lita 20 hivi, lakini ukilifunika kwa majani makavu au makumbi yaliyochambuliwa unaweza kuruka siku, na miche yenye mizizi iliyokwenda chini inavumilia. Dada anamwagilia siku moja moja na wakati mwengine anasahau kabisa. Mie siwezi kusahau.

Kwangu maji ya bomba yanakuja kwa zamu, na zamu yenyewe anaijua Mungu, basi nina pipa linalokinga maji ya paa na jengine la akiba. Maji ya kuoshea mchele na samaki nayatia kwenye magunia bila wasiwasi. Ya kufulia yenye sabuni siyatii kwenye mboga za majani, hayo yanakwenda kwa mgomba, nitaufikia.

Kuna mbinu moja ya gunia ambayo kama huitumii unajitesa bure. Wakati unajaza udongo, chukua kopo la maziwa lililotolewa kitako na mfuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto au vipande vya mawe, zungushia udongo pembeni, halafu livute kopo juu, kokoto zinabaki, jaza tena, vuta tena, mpaka juu. Unapata nguzo ya mawe katikati. Maji ukiyatia kwenye ile nguzo yanashuka na kusambaa mpaka chini, bila hivyo juu kunalowa chini kavu, na miche uliyoipanda kwenye tundu za ubavuni inakufa ya chini kwanza. Tundu za ubavuni zipishanishe, si zifatane mstari mmoja, vyenginevyo gunia litachanika kama zipu.

Litachanika tu hata hivyo. Haya mapolo ya mchele ya plastiki yakikaa juani mwaka mmoja yanaanza kupukutika unayashika yanabaki mkononi, na vile viuzi vinaingia kwenye udongo vinakera. Ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa yanadumu zaidi. Ubaya wa chombo cheusi ni kwamba wakati wa kaskazi kinapata moto mpaka mizizi inaiva, kizungushie makuti au kisogeze kivulini mchana. Ardhi haina maradhi hayo.

Udongo, na hapa ndo penye gharama

Watu wanadhani gunia ni rahisi kwasababu gunia lenyewe la bure. Gunia ndio la bure, udongo je? Gunia kumi ni mzigo wa gari ya ng'ombe na zaidi. Mie nachanganya mafungu mawili ya udongo mzuri, fungu moja la samadi iliyoiva na fungu moja la mchanga, na mchanga usitoke pwani tafadhali, nimeona mtu kachukua mchanga mweupe wa ufukweni kwasababu uko karibu, ule una chumvi na ni vigae vya matumbawe na kombe vilivyosagika, una chokaa mpaka mche unashindwa kuchukua chakula, majani yanapauka hata ukiweka mbolea ya dunia nzima.

Ardhini gharama yako ni mgongo wako. Kama una kinongo, ule udongo mwekundu-mwekundu mzuri wa upande wa magharibi na kati ya Unguja, huna haja ya kununua kitu, lima, tia samadi, panda, na nakuonea wivu. Kama una kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio, tia mboji nyingi na usinyanyue tuta sana. Kama ni udongo wa kunata unaoshika maji kama wa dada, nyanyua. Kama ni maweni, ah, hapo ndo kwa mama mdogo.

Mama mdogo hana tuta wala gunia. Anatafuta kishimo baina ya mawe, anakijaza majani makavu, jivu kidogo, mavi ya mbuzi, na mwani anaookota pwani akauacha upigwe na mvua kwanza utoke chumvi, anaacha vioze, kisha anatia mche wake. Kishimo kimoja mche mmoja. Nilimpelekea magunia nikijiona msomi, akaniuliza udongo wa kuyajaza nautoa wapi mwanangu, nikakosa jawabu. Kwake mipapai inatoka kwenye ufa wa jiwe na inazaa vizuri kuliko yangu, nadhani kwasababu maji hayasimami pale hata dakika.

Kipi kinakaa wapi

Mchicha unakubali kote, na ndo wa kuanzia. Siku 21 mpaka 30 unang'oa, kwahiyo ukikosea unajua mapema na unaanza tena. Ila kwa familia inayokula mchicha kweli kweli, tuta moja lina maana kuliko magunia manne, maana unang'oa mkono mzima kwa mara moja.

Matembele ni ya ardhi. Usinibishie. Unachomeka vikonyo vya sentimita 25 au 30 mwanzo wa masika, mvua inafanya kazi yote, baada ya mwezi na kitu unachuma na utaendelea kuchuma mpaka uchoke. Kwenye gunia yanaishi lakini yanataka kutambaa na wewe unayazuia, hamuelewani. Kisamvu vivyo hivyo, kijiti cha muhogo ukingoni mwa uwa, umemaliza.

Bamia ina mzizi unaokwenda chini moja kwa moja, inapenda ardhi, nafasi ya sentimita 30 baina ya mche na mche, na ndani ya miezi miwili unakula. Kwenye dumu la lita 20 unapata mche mmoja na inatoa, ila mapema inachoka. Bilingani inavumilia vyote viwili na inakaa muda mrefu, kwangu kwenye ndoo imekaa zaidi ya mwaka, nikaikata ikachipua tena.

Tungule sasa. Hapa mie na dada tumegombana miaka miwili na mwishowe yeye ndo kasalimu amri. Tungule masika ni maradhi: majani yakilala na maji yanapata madoa, matunda yanapasuka, na ukungu unamaliza mche kutoka chini kwenda juu. Akipanda anaejua huwa anasia mbegu zake kitaluni mwisho wa Aprili au Mei, chini ya paa la makuti au nailoni, ili miche itoke nje mvua zikiwa zinakata na ikue kwenye kipupwe. Hiyo ni kote, gunia na ardhi. Lakini ardhini kuna adui mwengine, mnyauko. Mche uko kijani kabisa, una matunda, mchana unalala kama umekosa maji, jioni unainuka, kesho unalala moja kwa moja. Ukitaka kuhakikisha kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye gilasi ya maji safi usikitikise, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka basi ni bakteria, na bakteria hao wanaishi ardhini miaka. Dada alipoteza tungule misimu miwili sehemu ile ile, na bilingani na pilipili nazo ni ndugu zake basi zinapata vile vile. Kwenye ndoo unamwaga udongo ule mbali na bustani, unaosha ndoo, unaanza upya na udongo wa pengine. Mwaka jana kaniomba nimfundishe ndoo. Sikusema kitu, nimenyamaza kwa adabu, yeye ni mkubwa wangu.

Ila tungule za kwenye ndoo nazo zina lao. Ukimwagilia leo sana, kesho ukasahau, keshokutwa ukafidia, tunda linaoza kitako, doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Si mdudu, dawa haisaidii, ni maji kutokuja kwa mpango tu. Mche mmoja kwa dumu la lita 20, miwili kwa gunia, usizidishe kwa tamaa.

Pilipili, kotmiri, nanaa, mchaichai, hivi weka kwenye vyombo karibu na mlango wa jikoni usiulize mtu. Nanaa khasa, ukiipanda ardhini itaona uwa wote ni wake.

Matunda

Wengi wanataka mti wa matunda siku ya kwanza, na hapa ulinganisho ni mfupi kidogo maana ardhi inashinda karibu kila mahali. Papai ndo la haraka, tangu mche mpaka tunda kama miezi tisa mpaka kumi na moja hivi ukiutunza. Chimba shimo, weka miche mitatu shimo moja kwasababu hujui yupi dume yupi jike mpaka utoe maua, ukishajua bakisha mmoja unaozaa. Ila papai na maji yaliyosimama ni maadui wa kufa, siku mbili tatu tu mizizi ndani ya maji na mti umekwenda, kwahiyo uwe juu ya kichuguu ulichokitengeneza wewe. Mie Fuoni nimeua mipapai mitano kabla ya kukubali hilo. Nikajaribu kwenye pipa lililokatwa, ukazaa, matunda madogo madogo kama maembe, tukala tukashukuru, lakini kwenye pipa unaulisha kila siku kama mtoto mchanga.

Ndimu ni kesi tofauti, ndo pekee ambayo nakushauri chombo bila aibu. Mche wa kubebeshwa, yani uliounganishwa juu ya shina la mche mwengine, kwenye nusu pipa, unazaa ndani ya miaka miwili mitatu, wakati ule wa mbegu utasubiri mitano au zaidi mpaka usahau ulipanda nini. Ukinunua mche angalia shina karibu na udongo kama lina kovu la kubebeshwa, muuzaji atakuapia wallahi umebebeshwa na kovu huoni, basi rudisha mkono mfukoni. Kwa upande wa Unguja Kizimbani ndo penye utafiti na chuo cha kilimo, ukienda kule angalau unauliza mtu anaejua.

Pasheni inataka ukuta au ua wa kupanda, mizizi ardhini, kichwa juani. Na mgomba, wala sitaulinganisha na kitu, mgomba unakaa nyuma ya bafu pale maji ya kukogea na ya sabuni yanapotokea, bibi zetu waliupanda pale na walikua na akili zao, mtwike au mzuzu unaoupenda, unakunywa maji ambayo hakuna mboga inayoyataka. Huo hauna gunia. Ukiuona mgomba kwenye gunia jua kuna mtu anauhamisha.

Kuku, kunguru na makoa

Kuku wa jirani hawajui mpaka. Tuta la mchicha uliochomoza jana ni uwanja wao wa mpira, na hapa gunia lina faida, liko juu, ingawa kuku mwenye nia anaruka. Wavu mkuukuu wa uvuvi umewekwa juu ya vijiti unatosha, omba pwani, wanatupa. Kunguru ndo shida kwa tungule zinazoanza kupiga rangi, hawa kunguru wa kutoka Bara Hindi walioletwa kwetu karne ya 19 sasa wametuzidi wenyewe, na wao gunia au ardhi ni mamoja, chuma tungule ikianza tu kugeuka uiivishe ndani. Makoa wakati wa masika wanamaliza ardhini kwanza, toka usiku na tochi uwaokote, hakuna dawa iliyoshinda kuokota.

Unachagua vipi basi

Ukiwa umekodi nyumba, magunia na ndoo, mjadala umekwisha. Siku mwenye nyumba akikwambia mwanawe anaoa anataka nyumba yake, utaondoka na bustani yako kwenye kirikuu. Niliwahi kumsaidia mtu kuhama hivyo, ndoo ishirini na sita za pilipili nyuma ya godoro.

Ukiwa mjini, Ng'ambo huko, uwa wa saruji na jua linaingia masaa machache tu, hesabu kwanza jua. Bila masaa sita ya jua tungule hazitozaa popote pale, panda kotmiri, mchicha na nanaa ukubali hivyo. Ukiwa na ardhi yako na udongo unaoeleweka, usinunue ndoo hata moja mwaka wa kwanza zaidi ya zile za tungule na pilipili, nyanyua matuta mawili tu, mawili, si manane. Watu wanaanza na matuta manane mwezi wa tatu na mwezi wa sita wanalima majani. Ukiwa maweni mfate mama mdogo.

Na ukiwa ni mtu wa safari, leo Unguja kesho Pemba keshokutwa Dar, usipande kwenye magunia kama hakuna mtu nyumbani wa kumwagilia, na mtu mwenyewe muulize kabla hujapanda. Mie mwaka mmoja nilimwachia kijana wangu magunia kumi na mawili wiki nzima, kamwagilia siku ya kwanza na ya mwisho, na ya mwisho kamwagilia nusu saa kabla sijashuka boti, maji bado yanachuruzika sakafuni na miche imeshakufa.

Kwa yule anaetaka nimwambie tu afanye nini: sasa hivi kabla mvua hazijakolea kusanya samadi uifunike isioshwe, chimba mifereji uone maji ya mvua ya kwanza yanaelekea wapi, simama mlangoni uangalie, usilale. Halafu matembele na mchicha kwenye tuta Machi mwishoni, papai juu ya kichuguu. Tungule kitaluni Mei, kwenye ndoo Juni. Magunia anza na matatu. Mie mwaka huu nina kumi na nane na dada kaagiza nimpelekee ndoo tisa za rangi kwa meli ya Wete, kasema zioshwe kwanza, kama vile nisingeziosha.